Zamu ya Kumpumulia Afisa

Usiku wa kuamkia leo niliota punda ananifundisha kazi yangu mwenyewe.

Nianze na huyo punda, maana yupo kweli. Anaitwa Afisa, ni wa Mama Twilumba, jirani wa kliniki yetu ya mifugo hapa Iringa, na alikuwa amelazwa kwetu akisubiri upasuaji wa leo. Mwiba umemwingia jicho la kushoto. Mama Twilumba mgongo haumruhusu kubeba ndoo, maji yote ya nyumba yake yanakuja juu ya Afisa, na alishaniambia wazi kwamba punda wa jicho moja kwenye barabara hii ya malori hamalizi mwezi. Wa kumpasua ni mimi. Tena ni mara yangu ya kwanza kutumia dawa ya kulegeza misuli bila mkubwa wangu kusimama pembeni, kwa hiyo usinicheke nikisema nilipanda kitandani na woga wangu.

Basi kwenye ndoto ni asubuhi, jua limejaa chumba cha upasuaji, nami nimevaa joho la mahafali. Hakuna anayeshangaa. Namchoma Afisa sindano ya kulegeza. Analala chini taratibu, anatulia tuli, na jicho linabaki katikati pale pale ninapolitaka. Ndiyo faida ya dawa hii, kwani mnyama akipewa ya usingizi peke yake jicho hujiviringisha likajificha. Nashika kisu, najisifu kimoyomoyo.

"Dokta," anasema Afisa bila kusogeza mdomo, "mimi niko macho."

Namwambia haiwezekani, aliye macho hutikisika. Ananijibu kwa upole kwamba kutikisika ni kazi ya misuli, na misuli yake yote nimeipa likizo. Akili yake sijaigusa, maumivu yake sijayagusa. Kama simwamini, nisikilize moyo. Nikasikiliza, nikakuta unakwenda mbio ajabu. Akaniuliza kama chuoni hatukuambiwa kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Loo, niliona aibu mpaka joho likabadilika rangi.

Maana sheria hiyo kila mtu wa kazi yetu anaijua: kwanza alale usingizi, ndipo umlegeze. Mimi nimegeuza. Naweka kisu chini.

Hapo hapo chumba hakipo. Tuko ndani ya Afisa, kwenye ofisi ndefu yenye milango mingi, na misuli inakwenda likizo na mabegi yake. Ya masikio na kope imeshaondoka. Ya miguu inatia sahihi kwenye daftari. Ya mbavu inauliza basi la Mbeya linaondoka saa ngapi. Yote imefurahi, tangu izaliwe haijawahi kupumzika. Nyuma kabisa anakuja mama mmoja mpana, kajifunga kanga kiunoni. Huyu ni Kiwambo, msuli wa chini ya mapafu, mvuta pumzi.

"Mimi hutoka wa mwisho na hurudi wa kwanza," anasema, akinikabidhi mfuko wa mpira. "Nishikie zamu, mwanangu. Ukiacha kuuminya, huyu anakufa."

Naminya. Afisa anavuta pumzi. Naachia, anashusha. Kisha nauona mkasa wenyewe: kwenye kila mlango kuna kiti, na kwenye kila kiti kuna mzee mnene anafuma kofia. Hao ndio dawa yangu. Tarishi anakuja mbio kutoka kwenye ubongo na barua iliyoandikwa PUMUA, anakuta kiti chake kina mtu, anasema samahani, anasimama. Mara anapita dada mfagiaji, anamfagia pamoja na vumbi. Anakuja tarishi mwingine, naye anafagiwa.

Nikamwomba mzee wa karibu ainuke. Akasema hana ugomvi na mtu, kiti alikikuta kitupu akakaa. Ila yeye ni mtu wa haki, matarishi wakiwa wengi kumzidi, atawapisha.

Hapo akili ikanirudia. Kumbe wa kuzungumza naye si mzee, ni mfagiaji. Mkono wa kulia ukiwa unaminya, kwa mkono wa kushoto namimina chai kutoka kwenye goti la Afisa, na maandazi yapo. Namwita dada, namwambia vumbi halitakimbia, apumzike kidogo. Anaweka ufagio chini. Anasema tangu aanze kazi hapa hakuna aliyewahi kumkaribisha hata maji, na anaanza kunisimulia habari za wifi yake.

Habari za wifi ni ndefu, Mungu ambariki. Matarishi wanakuja na hakuna wa kuwafagia. Wanakuwa kumi, wanakuwa mia, wote wameshika PUMUA, wote wanaomba njia kwa adabu. Wazee wanatazamana, wanakunja kofia zao, wanapisha. Milango inafunguka mmoja baada ya mwingine.

Kiwambo anaingia wa kwanza, ananipokonya mfuko na kuniambia sikufanya vibaya. Zinafuata mbavu. Inafuata miguu, ambayo haikufika Mbeya. Mkia unaingia ukicheza, ofisi inageuka ukumbi, matarishi wanapiga vigelegele, mzee wa kofia ananivisha moja kichwani. Nilicheza na punda mzima, msuli kwa msuli, na sikumbuki lini nilifurahi namna ile.

Afisa akasimama, akatikisa masikio, akasema ana njaa. Nikamwambia hapana, mgonjwa wa upasuaji hali kitu.

"Sitakula majani," akasema. "Nitakula kosa lako. Halijazi tumbo."

Nikaamka. Kumepambazuka, mkono wa kulia umekufa ganzi, nami nacheka peke yangu kama mwehu. Mezani ilikuwepo karatasi ya mpango wa upasuaji, niliyoiandika jana usiku, kisha nikalala bila kuisoma tena. Niliinuka niipitie.

Ilianzia namba mbili. *2. Dawa ya usingizi. 3. Mpira wa kupumulia.* Juu ya hapo hapakuwa na karatasi. Nikasimama nikijaribu kukumbuka niliandika nini kwenye namba moja, na nilipokumbuka, nilikaa sakafuni, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Pembe yote ya juu ilikuwa imeng'atwa, alama za meno mapana zimepangana vizuri, na nilipozigusa, bado zilikuwa na mate.