Magogo ya Ireri

Saa sita mchana maua ya pasheni yalifunguka, na Wanjira akaingia shambani na unyoya wa kuku. Alichota unga wa manjano kwenye ua la mmea mmoja, akaupaka kwenye ua la mmea mwingine. Jioni kila ua lingejifunga, na lisilopakwa lingeanguka. Tangu mumewe Ireri azikwe, yalikuwa yakianguka yote.

Kithaka, shemeji yake, alikuwa amempa muda hadi leo. Pasipo matunda, mimea ingekatwa, shamba lipandwe muguka, majani ya kutafuna yenye soko.

Ireri alipokuwa hai alipanga magogo makavu kando ya shamba, yamejaa matundu ya kuingia kidole. Humo waliishi nyuki weusi wakubwa, wenye kunguruma kama pikipiki. Pale Ishiara majirani walimcheka.

"Fuga wa asali kama watu, Ireri. Hao weusi ni wa kazi gani?"

"Wa asali ana jina kubwa, lakini kwa pasheni ni mwizi wa unga tu. Mwenye shamba ni huyu mweusi. Mimi kibarua wake."

Wanjira naye alicheka.

Kisha Ireri akafa. Matanga yakajaa watu, kuni zikaisha githeri ya mahindi na maharagwe ikiwa haijaiva. Akina mama walimwuliza wachome nini. Wanjira alikuwa kwenye mkeka, macho yamevimba. Akanyoosha mkono tu.

"Kuna yale magogo pale. Ni makavu."

Motoni yalinguruma kidogo. Mtu akasema ni upepo.

"Shemeji!" Sasa Kithaka alikuwa amesimama mwanzo wa mstari wa kwanza wa pasheni, panga mkononi. "Nionyeshe."

Wanjira alifunua majani. Vitunda vinne, kila kimoja kama punje ya njegere.

"Vinne? Nusu ekari nzima, mama?"

"Nimeanza juzi, na mikono ni miwili. Wale nyuki walikuwa wengi. Nipe msimu mmoja, Kithaka. Nitaweka magogo mengine, watakuja."

"Watoke wapi? Si uliwachoma ukapikia githeri?"

Kithaka akainama na kukata shina la kwanza.

Wanjira alikimbilia mstari wa mwisho. Akachota unga, akapaka, akachota tena. Nyuma yake mimea iliporomoka kutoka kwenye waya, mmoja baada ya mwingine, panga likikaribia. Hakugeuka. Jua lilikuwa bado juu, na maua ya mstari ule yalikuwa bado wazi.