Neno la Chemba

Mimi nasuka nywele, na msusi huzoea harufu nyingi. Lakini asubuhi ile choo kilipoamua kuturudishia kila tulichowahi kukipa, nilishika pua nikasahau hata salamu. Maji meusi yalipanda kwenye tundu la sakafu ya bafu, yakapita koridoni, yakaingia saluni kwangu chini ya viti vya wateja. Mteja niliyekuwa naye, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, alijifunga kitambaa akaondoka bila kuaga. Simlaumu.

Nyumba ni ya baba mkwe wangu, saluni ni chumba chake cha mbele. Mume wangu alikuwa safarini na lori, mapacha wetu wako shule, kwa hiyo tulibaki mimi na Mzee, na uchafu unatembea kati yetu kama ndio mwenye nyumba. Mzee alisimama mlangoni kwake, suruali kaikunja mpaka magotini.

"Tafuta fundi," akasema.

"Fundi tunaye, Baba."

Alijua namsema nani.

Fundi ni mwanawe wa mwisho, shemeji yangu. Mtaani wanamwita Waya, maana hatembei bila ule waya mrefu wa kuzibulia mabomba begani. Alikuwa hajakanyaga kwetu tangu siku Mzee alipokaribisha wenzake wa ofisini wa zamani. Chakula kimeshapakuliwa, Waya akaingia na viatu vyake vya kazi, akanyoosha mkono awasalimie wageni. Mzee akamwambia mbele yao wote, "Wewe kaa nje, unanuka." Waya akatoka nje, akaenda zake moja kwa moja. Mzee ni mtu wa makaratasi na alitaka mtoto wa makaratasi, sawa, kila mzazi ana ndoto zake. Ila ulimi hauna mfupa, na huu wake siku ile ulijipinda vibaya. Tangu hapo kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na mimi nimekaa katikati yao nikichoka.

Nikampigia. Nilitegemea anipe za uso. Akasema tu, "Msimwage maji yoyote, nakuja."

Alikuja. "Shikamoo, Baba." Mzee akaitikia marahaba akiangalia ukuta. Hapo mkono uliniwasha nivigonganishe vile vichwa viwili, kimoja cha mvi na kingine cha kiburi kilekile.

Waya alizunguka nyuma ya nyumba, akafunua chemba, lile shimo lenye mfuniko wa zege ambako mabomba yote ya nyumba hukutana kabla ya kutoka kwenda barabarani. Limejaa mpaka juu. Akatumbukiza waya, akauzungusha, akavuta. Likatoka fungu la nywele la kumtisha mtu.

"Shemeji," akasema, "humu umezika watu wangapi?"

"Fanya kazi, acha maneno."

"Hapana, nauliza tu. Ndugu zao wakija niseme nini?"

Zilikuwa nywele za bandia za saluni kwangu. Nilikuwa nazisukumia kwenye tundu la maji pamoja na povu, najua maji hupeleka. Aibu ilinishika, lakini nilicheka, na yeye akacheka, na kwa muda ule nikaona kama hajawahi kuondoka pale nyumbani.

Halafu akaniambia, huku anazungusha waya, kwamba jioni ile anasafiri. Amepata kazi nchi nyingine, ya mkataba, na hajui atarudi lini wala kama atarudi.

"Nilipoona simu yako nikadhani yeye ndiye kakutuma," akasema.

"Kanituma nitafute fundi."

"Basi ndiyo hivyo." Akavuta fungu jingine. "Nikwambie ukweli, Mama Mapacha? Akiniita leo, akaniambia neno moja tu la baba na mwana, siendi popote. Nitabaki hapa hapa nizibue vyoo vyenu mpaka meno yaniishe."

Alisema kama utani, ila hakucheka. Nikaomba moyoni Mzee atoke. Nilimwomba Mungu hivyo hivyo, nimeshika ndoo ya kinyesi.

Na Mzee akatoka. Alisimama mlango wa jikoni, akakohoa, akakohoa tena. Waya alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mkono vimo shimoni.

"Wewe," Mzee akaita.

"Naam, Baba."

"Ukimaliza..." Akaniangalia mimi. "Ukimaliza, chemba."

"Chemba ndiyo naimalizia, Baba. Haitawasumbua tena."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nikasema moyoni, mzee gani huyu, mtoto yuko shimoni na yeye anachouliza ni shimo. Waya aliinuka taratibu, akafuta mkono kwa tambara.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Miaka yote hii, neno lake ni chemba. Nashukuru. Sasa nimejua."

Maji yakakoroma, yakashuka yote kwa mara moja. Alirudisha mfuniko, akanawa bombani hadi mabegani, akajipaka sabuni, akasuuza, akajipaka tena. Nikamwambia aingie ndani hata kwa kikombe cha chai.

"Nanuka, shemeji," akasema. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Akabeba waya wake akaenda.

Nilideki koridoni kwa dawa mara sijui ngapi, kwa hasira. Nilipomaliza nikampelekea Mzee chai chumbani. Nilimkuta amechana nywele, amevaa shati lililopigwa pasi. Mbele yake alikuwa amevuta kile kiti kizuri cha sebuleni, akakiwekea na mto.

"Yuko wapi?" akauliza. "Bado ananawa?"

"Nani, Baba?"

"Mwanangu. Si nilimwambia akimaliza namtaka chemba."

Chai ilinimwagikia mkononi. Mzee akisema anakutaka chemba, maana yake anakutaka faragha, wawili tu, mlango umefungwa. Wazee wote husema hivyo, na mimi nimelisikia neno hilo tangu nazaliwa. Alimwaibisha mtoto mbele ya watu, sasa alitaka amtake radhi pasipo watu. Sisi tulikuwa tumeinamia shimo, tukasikia shimo. Nililia pale pale mbele yake, na nilipomweleza aliweka mikono magotini akabaki hivyo.

Nikapiga simu. Waya akapokea, nyuma yake gari linanguruma.

"Hakuulizia shimo," nikamwambia. "Alikuwa anakuita. Chemba, wewe na yeye, muongee."

Akacheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. "Mpe simu," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Masikio ya Mzee ni mazito, nikafungua spika nikamshikia simu mdomoni.

"Baba?"

Mzee akafungua mdomo. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi. Nikamwashiria kwa kichwa, sema, Baba, sema.

"Maji yanapita vizuri," akasema.

Gari likanguruma. "Sawa, Baba."

"Hayajarudi tena."

"Sawa. Nashukuru, Baba." Simu ikakatika.

Nilitaka kumtikisa mabega. Nilitaka kumwambia, mzee mzima, umeshindwa nini, umepewa mtoto mdomoni ukamwambia habari za maji. Ndipo nikajiona nilivyosimama. Nilikuwa katikati ya chumba kama nguzo, nimemshikia simu, namhimiza mtu aseme mbele yangu jambo alilotaka kulisema faragha. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Ningetoka tu.

Nikabonyeza namba tena, nikafungua spika, nikamwekea simu mkononi, nikatoka nikamfungia mlango. Nikiwa koridoni nikaisikia ile sauti ya mashine ikisema namba unayopiga haipatikani. Mzee, kwa masikio yake yale, akadhani kapokelewa, akaanza kusema.

"Mwanangu," akasema, "siku ile ya wageni..."

Sikuwa na moyo wa kuingia kumwambia. Niliondoka mlangoni, nikaenda saluni, nikawasha redio ili nisimsikie.