Maji ya Julai

Mama yangu hakuwahi kuyaamini maji. Ya kupikia sawa, ya kufulia sawa, lakini ya kumfika kifuani, hapana. "Mimi si chura," angekuambia. Sasa mtu kama huyo, Mkatoliki tangu utotoni huko Nyacheki, mwenye kifua kinachopiga filimbi kila msimu wa baridi, nikamshawishi abatizwe upya kwetu Wasabato, kwa kuzamishwa mzima mzima. Nilimsumbua mpaka akakubali, tena kwa sharti moja: azamishwe kwenye tangi la kanisa, maji yakiwa yamepashwa moto.

"Mwambie mume wako," akasema. "Kama si hivyo, nabaki na rozari yangu."

Ilibidi nimwambie mimi. Kwetu Kisii mama mkwe na mkwe wana chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawaulizani maswali ana kwa ana. Neno la mama lilimfikia mume wangu Anyona, mzee wa kanisa letu, kupitia kwangu, na la Anyona likarudi kwa njia hiyo hiyo. Nilijivunia hiyo kazi, mjinga mimi.

Na kama kuna mtu wa kuulizwa habari za maji, ni Anyona. Anafuga samaki kwenye vidimbwi nyuma ya nyumba yetu hapa Kebirigo. Ana kipimajoto anachokifunga kamba na kukishusha mpaka chini kabisa. Ikifika Julai samaki wanakataa kula, wanakaa chini wamenuna, naye anawapunguzia chakula. "Februari unaweza kuoga bwawani mpaka uimbe," husema. "Lakini Julai usidanganywe na jua. Juu pana vuguvugu, chini pana mauti." Yeye ndiye aliyenifundisha hayo. Mimi ni fundi wa nguo, maji ninayoyajua ni ya kunyunyizia kabla ya kupiga pasi.

Alilikubali tangi bila ubishi. Hata akasema atawasha moto mwenyewe. Jumanne ya wiki ya ubatizo, nikishona majoho, akaja kusimama nyuma ya cherehani.

"Langu nishonee pana kidogo."

"Kwani umenenepa?"

"Mzee wa kanisa hawezi kubanwa na nguo mbele ya wageni."

Nikacheka, nikakata kitambaa kipana. Wageni walikuwa wanatoka mjini na kamera zao, na kanisa lilikuwa karibu kumchagua mzee wa kwanza. Mume wangu alikitaka hicho kiti, na mimi nilimtakia.

Sabato ikafika. Ibada ilipokwisha Anyona akasimama akatangaza kwamba tangi limepasuka, maji yote yamevuja, basi tutashuka bwawani chini ya mashamba ya chai. Wageni wakafurahi sana. Bwawa linapendeza kwenye video kuliko tangi la saruji. Nilimfuata nje.

"Na mama je?"

"Jua limewaka tangu asubuhi. Nimeyapima."

"Hata chini?"

"Hata chini. Nyanchoka, si unanijua? Mimi nicheze na maji?"

Nikarudi kwa mama, naye akaniangalia usoni.

"Maji yako namna gani?"

"Mazuri, mama. Anyona ameyapima."

"Ni wewe unayeniambia?"

"Ni mimi."

Akavua rozari shingoni, akanipa nimshikie.

Anyona aliingia wa kwanza, akasimama maji yakimfika kiunoni, joho lake limetanda pande zote, akitabasamu kwa kamera. Mchungaji mgeni akafuata, na yeye nilimwona akiuma meno. Hapo nikajua maji ni ya baridi. Lakini mama alikuwa ameshaingia, na wanawake wa rika lake hawalalamiki mbele za watu. Mchungaji akamlaza nyuma. Baridi ikamshtua kabla mkono wa mchungaji haujamfika puani, akavuta pumzi kwa nguvu, na alichovuta ni maji. Alipoinuliwa hakuweza kupumua. Akateleza kwenye tope, akamponyoka mchungaji ambaye mwenyewe alikuwa anatetemeka, akazama tena.

Anyona ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Akainua mikono juu.

"Chinsoni," akasema. "Mnajua siwezi kumgusa."

Hakuna mzee wa Kisii, hai au aliyekufa, aliyewahi kusema chinsoni imzuie mtu kuokoa uhai. Niliruka na viatu vyangu vya kanisani. Kifua kilinibana mara moja, vidole vikakataa kunisikiliza, nikamkamata mama kwapani na kumvuta kwa hasira zaidi kuliko kwa nguvu. Tukamlaza kwenye nyasi, akatapika maji, akapumua kwa shida. Wageni wakatukimbiza hospitalini kwa gari lao, na huko akawekewa oksijeni.

Asubuhi nilirudi nyumbani kumchukulia blanketi. Kwenye kamba nyuma ya vidimbwi palikuwa na joho lile pana, na kando yake ovaroli ya mpira ya Anyona, ile inayofika kifuani na buti zake humo humo, anayoivaa akiingia kwa samaki msimu wa baridi. Nje ilikuwa na tope la bwawani. Nikatia mkono ndani mpaka kwenye buti. Kulikuwa kukavu.

Joho aliliomba Jumanne. Tangi likapasuka Sabato.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliishona kwa mikono yangu, tena nikicheka. Niliumia, sina neno zuri zaidi. Niliumia mpaka nikakaa chini kwenye majani. Alijua tangu Jumanne kwamba tutaishia bwawani, akajifunika yeye, kisha akautumia mdomo wangu kumwita mama majini.

Anyona akatoka ndani. Aliniona nimeshika ile buti, akatazama vidimbwi.

"Nilitaka tu siku iende vizuri," akasema. Kisha akaongeza, "Mwambie mama nilikosea kupima."

Nikachukua blanketi nikaenda.

Mama alikuwa ameondolewa oksijeni. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Anyona anasemaje?" akauliza.

"Anasema nikuambie alikosea kupima."

"Na wewe unasemaje?"

"Hakukosea, mama. Alipima, kisha akavaa ovaroli yake ya mpira chini ya joho."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, au hataki kuniona, na kama ni hilo la pili ningemwelewa. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe rozari yangu."

Nilikuwa nayo mfukoni. Akaivaa polepole, akaikalisha vizuri shingoni.

"Wewe uliponifuata," akasema, "ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni la kanisani tu."

"Ulisikia baridi?"

"Niliisikia, mama. Bado naisikia."

Akasogea ukutani, akainua blanketi upande wangu. Nikavua viatu nikalala kando yake.