Kilichofungwa Turubai

Pekeshe alikuwa akichonga mitumbwi kijijini Chara tangu ujana wake, na hakuwahi kumwona fundi anayeficha kazi yake. Ndiyo maana shemeji yake Buya alimtia wasiwasi. Buya, mume wa Loise, dada yake Pekeshe, alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja Kilifi, katika karakana iliyounda viboti vya tanga vya faiba kwa wageni wa mahoteli. Mwaka wa tisini na nane, mafuriko yalipokwisha kupungua, alirudi bila taarifa, na mitungi ya gundi, marobota ya kitambaa cha faiba na kitu kipana kilichofungwa turubai. Aliomba kona katika banda la Pekeshe, akapewa. Kile kitu akakipandisha juu ya boriti na kukikaza kwa kamba.

Pekeshe aliuliza ni nini. Buya akasema ni cha kazi tu. Aliulizwa pia kwa nini ameacha kibarua kizuri, akajibu kwamba alichoka, kisha akashika msasa wake.

Mwezi mzima aliunda kiboti kimoja. Alitandaza kitambaa ndani ya kalibu ya mbao yenye umbo la boti, aliyoichonga mwenyewe, akakipaka gundi iliyowasha macho, akangoja ikauke, akatandaza kingine. Tabaka nne, kila mahali. Pekeshe aliikubali mikono ile, ila macho ya Buya hakuyaamini: kila mgeni alipopita njiani, Buya aliangalia boriti kwanza, ndipo akaitikia salamu.

Pekeshe akajiambia kwamba kule juu iko kalibu ya tajiri mwenye karakana, imeibwa, na polisi wakija wataikuta bandani mwake. Alinakili namba ya simu ya karakana iliyoandikwa kwenye mtungi, akapanda lori hadi Garsen na kupiga simu posta. Alisema shemeji yake amekuja na kitu kilichofungwa turubai, huenda ni kalibu. Msimamizi aliyepokea, jina lake Karisa, alimshukuru mno, kisha akauliza njia ya kufika Chara.

Siku ya tatu Karisa alifika kwa pikapu. Buya alikuwa amekwenda Garsen kutafuta kamba za tanga. Karisa aliipita kalibu ya mbao bila kuitupia jicho, akasimama chini ya boriti.

"Kipande chenyewe ni kile?" akauliza.

Pekeshe alishtuka. Kwenye simu hakutaja kipande chochote.

"Ngoja nikifungue tukitazame," akasema.

"Usijisumbue, mzee. Nipe hivyo hivyo kilivyo."

Haraka ile ndiyo iliyomgeuza Pekeshe. Alisema kwamba pale juu ni matanga yake mwenyewe, na kwamba kitu cha shemeji yake, mwenyewe ameondoka nacho asubuhi. Karisa alimkazia macho kwa muda mrefu, akaahidi kurudi na askari, akaondoka.

Pekeshe aliteremsha ule mzigo na kuufungua. Ndani mlikuwa na ubavu wa boti uliovunjika, rangi ya bluu, namba ya boti iliyopigwa na karakana ikisomeka vizuri. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliopasuka, nyuzi zikamchoma. Alihesabu tabaka, akarudia kuhesabu. Zilikuwa mbili tu.

Buya aliporudi alimkuta amekaa kando ya kipande kile. Pekeshe alimweleza yote, simu na Karisa, wala hakujitetea. Buya aliketi chini.

"Tajiri alituagiza tupunguze kitambaa," akasema. "Nilikataa, mwishowe nikatii. Boti ikapasuka, mgeni akafa maji. Mabaki yakachomwa. Hiki nilikiokota kabla hakijachomwa, baadaye wakagundua kimepungua."

"Kwa nini hukukipeleka polisi?"

"Aliyetandaza ni mimi, shemeji. Niliogopa. Nawe mwezi mzima tumekula sahani moja, na muda wote ulikuwa ukinipeleleza."

Pekeshe alisema tu kwamba Karisa atarudi, na afadhali wamtangulie. Kesho yake walipanda basi la Malindi, kipande kikiwa magotini mwao, wakakiandikisha kituoni. Buya alieleza kila kitu, pamoja na kosa lake. Kesi ilichukua karibu mwaka. Mwisho tajiri alipatikana na hatia na karakana ikafungwa. Buya alionywa vikali, akaachiliwa.

Sasa anaunda boti Kipini, na huja Chara na Loise kila sikukuu. Kila anapotoka nje humwambia Pekeshe anakokwenda, atakayemwona na saa atakayorudi, hata kama anakwenda kuoga mtoni tu. Husema kwa upole, akitabasamu. Pekeshe huitikia, kisha hukaa akijiuliza kama ile ni heshima, au shemeji yake angali anamlipiza.