Kiraka cha Watu wa Ndani

Kuramochi alikuwa ameketi mezani akisubiri mchuzi wa chaza mkewe alipofagiliwa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mvua nyembamba ikinyesha ziwani, redio ikisoma bei ya mchele. Mkewe alikuwa jikoni na upawa mkononi. Kisha upawa ukabaki peke yake ndani ya sufuria, na aproni ya buluu ikawa sakafuni, bado imefungwa fundo kwa nyuma. Kuramochi aliinuka, akazima gesi, akaiokota aproni na kuitundika kwenye msumari. Halafu akajipakulia mchuzi mwenyewe na kujimwagia kwenye mkono wa shati.

Hakupiga kelele, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa geni. Tangu majira ya kuchipua wake za watu walikuwa wakiondoka hivyohivyo, mmoja mmoja, mtaa kwa mtaa. Jirani yake Yasuhara, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa uani akianika nguo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amezianika zikiwa zimekunjwa.

"Na wako?" Yasuhara aliuliza juu ya ua.

"Sasa hivi tu. Mchuzi ukiwa motoni."

"Afadhali mchuzi wako ulikuwa umeiva. Wangu kaondoka mchele haujawekwa maji."

"Pole, mwalimu."

"Hizi suruali zimekaa vibaya, eh?"

"Zimekaa vibaya sana."

Lakini kilichomkaba Kuramochi njiani kwenda kazini ni kwamba mfagiaji alikuwa wake.

Alifanya kazi katika ofisi ndogo juu ya duka la keki za mchele, pamoja na watu wachache waliotunza maktaba ya Shijimi. Shijimi ni lugha ya kompyuta, na ilipewa jina la wale chaza wadogo weusi wa ziwani kwa sababu walioibuni walikuwa hawaanzi kazi bila kunywa mchuzi wake. Maktaba yake ni kama kabati la vifaa. Kila anayeandika programu kwa Shijimi hukuta humo vitu vilivyokwisha tengenezwa, na kikiharibika kimoja humo, kimeharibika kila mahali. Mji mzima uliendeshwa kwa Shijimi, kuanzia pampu za maji hadi milango ya zahanati, na mtu akikaa katika mji unaoendeshwa, naye anaendeshwa. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Ndani ya maktaba hiyo kulikuwa na mfagiaji. Kazi yake ni kupita kwenye kumbukumbu ya mashine na kuondoa kila kisichoshikwa na jina. Kinachotajwa kinabaki. Kisichotajwa ni takataka, kinafagiliwa, na nafasi yake inapewa kingine. Zamani mfagiaji alikuwa mpole, akikubali hata maneno ya juujuu kama "kile" na "hicho hapo". Majira ya kuchipua Kuramochi aliona huo ni ulegevu, akaandika kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu: neno linaloweza kumhusu yeyote, lisihesabiwe kuwa jina. Mashine zikawa nyepesi, wenzake wakampigia makofi, na mwenye duka la chini akawapandishia keki za bure.

Onodera, mwenzake wa meza ya pili, alikuwa akisoma taarifa za hitilafu Kuramochi alipoingia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkavu wa maneno, anayeweza kula na kuandika programu kwa wakati mmoja bila kuangusha punje.

"Umechelewa, Bwana Kuramochi. Na shati lako lina mchuzi."

"Mke wangu amefagiliwa."

"Pole sana." Alimwacha aketi kwanza. "Basi na wewe jaza taarifa. Njoo uone wenzako walivyojaza."

Palipotakiwa jina la aliyepotea, wanaume walikuwa wameandika: Mama. Mama watoto. Mtu wa ndani. Mtu wa ndani. Mmoja aliandika: Yule wa kwetu, mnamjua. "Mtu wa ndani" ndivyo wanaume wa Japani wanavyomtaja mke mbele ya watu, na kila anayesema hivyo anajua anamsema nani. Mfagiaji hakujua.

"Hakuna mwanamume hata mmoja aliyepotea," Onodera alisema. "Nyinyi mnaitwa mchana kutwa. Bwana Fulani, Mkuu Fulani. Wao je? Jana nilimpigia baba simu, akaniambia mama hayupo. Nikamwambia, mwite jina. Akakohoa weee, akasema koo linamuuma. Nikaliita mimi mwenyewe kwenye simu: Sadae. Papo hapo nikasikia sufuria inaanguka kule, na mama anauliza nani kaacha friji wazi."

"Kwa hiyo akiitwa jina anarudi."

"Akiitwa na mtu wa nyumba yake. Wa nje hasikilizwi, nimeshajaribu. Si kazi ngumu, Bwana Kuramochi. Leo nenda nyumbani mapema."

Alikwenda mapema. Alisimama jikoni, mbele ya ile aproni, mikono ikiwa imenyooka ubavuni kama mtu anayetaka kuhutubia. Jina alilijua, tusimwonee. Aliwahi kulitamka mbele ya mkwewe siku ya kuposa, na mara nyingine hospitalini, muuguzi alipouliza nani anajifungua. Tangu waoane mkewe alikuwa "Oi". Mtoto alipozaliwa akawa "Mama". Mtoto alipohamia Osaka akarudi kuwa "Oi", na kwa muda wote huo hakuna aliyelalamika.

Akafungua kinywa.

"Oi," akasema.

Friji lilinguruma kidogo, likanyamaza. Akajaribu tena. Akafika "Chi", masikio yakamuwaka moto, akafunga mdomo. Kilichomshinda ni kufikiria kwamba mkewe angerudi na kumkuta amelitamka. Angemtazama. Angemuuliza kama anaumwa. Kuramochi hakujua mtu akishaliita jina la mkewe anaendelea na kusema nini. Akaketi mezani na bakuli tupu mbele yake, na akamtaka arudi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, akalegeza kola ya shati.

Dirishani ilimfikia sauti ya Yasuhara kutoka uani kwake.

"Yoshie." Kisha: "Yoshiko." Halafu: "Jirani. Wewe humkumbuki anaitwa nani?"

"Mimi humwita Mama Yasuhara."

"Na mimi namwita mama."

"Si uangalie kwenye karatasi?"

"Karatasi zote anaweka yeye. Sijui ziko wapi."

"Mwalimu, miaka arobaini."

"Arobaini na mmoja," alisema Yasuhara, ambaye hesabu hazikuwa zimempotea.

Kesho yake Kuramochi alifika ofisini kabla ya wote, akaandika kiraka kingine. Kilikuwa kifupi. Kilimwagiza mfagiaji kwamba "mama", "oi", "mtu wa ndani" na maneno ya ukoo huo, yakisemwa na mtu wa nyumba hiyo, yahesabiwe kuwa jina la mwanamke aliye karibu na jiko, na kama hayupo, la yule aliyekuwa hapo mara ya mwisho.

Pale ofisini hakuna kiraka kinachoingia kwenye maktaba mpaka mtu wa pili akisome na kukubali. Onodera akavuta kiti.

"Aliye karibu na jiko," akasoma.

"Ndiko waliko muda mwingi."

"Ulijaribu kumwita?"

"Nilijaribu."

"Ukasemaje?"

Kuramochi akapangusa vumbi kwenye kioo cha kompyuta, ingawa hakikuwa na vumbi. "Kuita jina si dawa, Onodera. Ni kushikiza tu. Leo utaita, kesho utasahau, keshokutwa kafagiliwa tena. Dawa inawekwa kwenye maktaba."

"Yaani kuliko wanaume wa Japani nzima wajifunze jina moja moja, mfagiaji ajifunze oi."

"Mfagiaji anajifunza upesi zaidi."

Hilo lilikuwa kweli. Onodera akafungua ramani ya kumbukumbu akaitazama. Alikuwa amewaona wale wanawake humo tangu juzi: maelfu ya majina yanatajana, huyu anamtaja yule, yule anamtaja mwingine, mpaka duara linafunga. Wote walikuwa wametajwa, na wote walikuwa takataka, kwa sababu mfagiaji huanza kuhesabu kutoka nje. Wanaotajana wenyewe kwa wenyewe tu, bila aliye nje kuwataja, hawahesabiki. Ni kanuni ya zamani kuliko Shijimi yenyewe, na hakuna aliyewahi kuiandikia taarifa ya hitilafu.

"Naolewa Novemba," Onodera akasema.

"Hongera sana."

"Ndiyo." Akabonyeza kukubali. Mahali pa maoni akaandika: Kinafanya kazi.

Toleo jipya lilitoka mchana. Kuramochi aliteremka basi kituo cha kabla ya chake kwa haraka aliyokuwa nayo, akalazimika kukimbia. Kutoka kila dirisha wanaume walikuwa wakiita oi, oi, mtaa mzima ukasikika kama kuna watu wanachunga mbuzi. Na kutoka kila dirisha kulikuwa na harufu ya vitunguu na kelele za vifuniko vya sufuria. Alifungua mlango wa kwake.

"Oi," akasema.

"Nipo," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Nani kaitundika aproni kwenye msumari wa taulo?"

Aliketi palepale kizingitini, viatu vingali miguuni, akalia kidogo huku anacheka, akajifuta kwa ule mkono wa shati wenye mchuzi mkavu. Alisikiliza kisu kikigonga ubao, tak, tak, tak, akaona hajawahi kusikia sauti nzuri hivyo.

Alipokwisha kunawa uso akaingia, akaketi mahali pake.

"Ulikuwa wapi?"

"Mahali tu. Kweupe. Tulikuwa wengi."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunaitana," mkewe alisema, akiendelea kukata. "Yule wa jirani anaitwa Kinue. Ulijua? Mimi sikujua. Miaka yote hii tunapitishiana figili juu ya ua, kumbe Kinue. Ana sauti nzuri ya kuita. Akikuita yeye, unageuka mwili mzima."

"Kinue," Kuramochi akasema, bila shida yoyote, kwa kuwa hakuwa mke wake. "Mwalimu alikuwa anajaribu Yoshie."

"Yoshie ni dada yake mwalimu."

Wote wawili wakacheka. Kutoka ng'ambo ya ua Yasuhara alisikika akisema kwa furaha, mama, we mama, suruali zangu hazikauki.

"Na wewe," Kuramochi akaanza. "Huko walikuwa wanakuita..."

Kisu kikasimama. Mkewe akageuka mwili mzima, akamtazama, akangoja. Kuramochi akayasikia masikio yake yanapata moto.

"Ah, njaa hii," akasema. "Hata sijui nilikuwa nauliza nini."

Mkewe akarudi kwenye vitunguu. Akapakua mchuzi, akauweka mbele yake. Ulikuwa na ladha yake ileile, na Kuramochi aliunywa polepole, akiyaacha maganda ya chaza yagongane kwenye meno, huku shukrani imemjaa mpaka kooni. Ungemuuliza wakati ule, angekwambia hapungukiwi na kitu.

Jikoni mkewe aliinama juu ya sufuria. "Chizuru," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja chumvi. Mtu kujitaja mwenyewe hakuhesabiki.

"Oi," Kuramochi akasema, akinyoosha bakuli tupu.

Mfagiaji, aliyekuwa akipita mle jikoni wakati huohuo, akalisikia, akamwacha.