Redio ya Kaka

Usiku wa kumi na nne ulipokwisha, dada mtu alikuwa amechoka mpaka kidaftari kikamwia kizito kama tofali. Akakitia mkobani, akamshika kaka yake mkono, wakaenda kliniki.

Kaka alikuwa fundi viatu. Mwaka wa sita huu tangu aanze kusikia sauti wasizozisikia wengine, zikimtukana na kumtuma. Dawa ilizipunguza, ila akikosa usingizi siku mbili tatu, zinarudi kwa vishindo. Daktari alikwishasema: wiki mbili zikipita bila yeye kulala vizuri, dozi itaongezwa. Mara ya mwisho ilipoongezwa, mikono ilimtetemeka hata sindano ikawa inamchoma yeye badala ya soli. Viatu vya watu vilikaa miezi minne.

"Bora nikeshe nikiwa fundi," alimwambia dada yake, "kuliko nilale niwe gunia."

Basi kliniki ikampa dada kidaftari aandike kila kitu kuhusu usingizi wa kaka, naye akaandika kweli kweli. Darasa la saba lake alilitumia lote. Kaka akambandika jina la Popo.

Muuguzi, mama wa makamo asiye na haraka, alisoma kurasa akifuata mistari kwa kalamu. Chai ya jioni? Imeachwa. Kulala mchana? Mama yao alikuwa akimfunika shuka kila baada ya chakula, akidai usingizi hauna saa. Amekatazwa, na amenuna mpaka leo. Kumwamsha saa kumi na mbili na kumtoa juani? Kila siku. Kisha kalamu ikasimama.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Dada akasoma. Saa nne, amelala, redio inaongea. Saa tano, nimezima redio. Saa tano na robo, ameamka. Ukurasa wa pili: saa nne na nusu, amelala. Saa tano na dakika kumi, nimezima redio. Saa tano na nusu, ameamka. Kufika wa tatu, sauti ikamfifia. Mwandiko ulikuwa wake, na mkono wa kuzima ulikuwa wake.

"Nilitaka apumzike," alisema. "Redio ina kelele."

Kaka alikuwa akitazama viatu vyake. Akasema polepole kwamba redio ikinyamaza, wale wengine hupata nafasi ya kusema. Dada akamuuliza mbona hakumwambia. Kaka akasema alikuwa akimwona anavyonyata gizani kwa huruma, angeanzia wapi?

"Dawa ya moto ni moto," muuguzi alisema. "Iacheni iongee, chini chini, mpaka asubuhi. Daktari nitamwomba asubiri wiki mbili nyingine."

Usiku ule redio ilinong'ona bei za mazao na matangazo ya vifo hadi alfajiri. Kaka alikoroma. Upande wa pili wa pazia, dada hakupata hata lepe. Hakuna marehemu aliyempita.

Saa kumi na mbili akamwamsha.

"Popo," kaka alisema akipiga miayo, "wewe umelala?"

Akamjibu kwamba amelala, akaandika saa alizolala kaka: saba na ushee. Kaka akaketi juani na kiatu cha mtu, akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Dada akaegemea ukuta amtazame. Usingizi ukamchukua hapo hapo, na mama yao, bado amenuna, akatoka na shuka akamfunika.