Mkono Uliofungua Tanuri

Kwenye kiwanda chetu cha mikate kila mtu anajua kwamba unga aliokanda mjane hauumuki. Ukiuliza nani alisema, watakutazama kama umeuliza nani alisema maji yanalowesha. Hakuna aliyesema. Inajulikana tu.

Mume wangu alipofariki nilikaa nyumbani mpaka machozi yakakauka, halafu nikarudi kazini. Aproni yangu, ambayo miaka yote ilikuwa ikining'inia kwenye msumari ulio juu ya meza ya kukandia, niliikuta kule nyuma, kwenye sinki la kuoshea trei. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenitolea hata neno baya. Walinipa pole kwa zamu, wengine wakanikumbatia kabisa, kisha kila mtu akashika kazi yake na mimi nikaachiwa brashi ya chuma na rundo la trei zenye masizi.

Na mezani pangu, mikono ndani ya unga wangu, alisimama wifi yangu. Dada wa marehemu, tumbo moja.

"Usinichukie, wifi," aliniambia. "Ingekuwa mimi nimefiwa na mume, ungefanya hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo."

"Na huyo marehemu si kaka yako? Mbona wewe msiba haukukuharibia mikono?"

"Wifi nawe! Kaka na mume ni kitu kimoja?"

Watu wakacheka, kicheko kizuri cha watu wanaopendana. Nilicheka nao, meno ya mbele tu. Moyoni niliapa kwamba meza ile nitairudia, na kwamba kabla sijairudia, wifi atakuwa amelionja sinki.

Mimi si mtu wa kusamehe. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Niliosha trei zile na kila trei niliipa sura ya wifi. Nikamchunguza kutwa, nikitafuta pa kumshikia. Alikuwa mkandaji mzuri, siwezi kumsingizia. Mcheshi, hachelewi, hasengenyi mtu. Nilipata mahali pamoja tu: wifi ni mashoto. Anakata kwa kushoto, anapunga kwa kushoto, na hata trei ya kwanza ya asubuhi, ambayo kwetu lazima iingizwe tanurini na mkandaji mwenyewe, anaifungulia mlango kwa kushoto.

Ni mkono wa ukoo wao. Mume wangu alikuwa nao, na binti yetu kaurithi. Akitoka shule hunifuata kiwandani, hukaa kwenye kigoda kando ya meza na kuchora kuku kwenye unga uliomwagika, kwa kushoto, kuku wazuri wenye vidole vyote. Hilo nililijua. Lakini nilijiambia kwamba maneno ya tanuri yanaishia mlangoni pa tanuri.

Siku ikajileta yenyewe. Tanuri letu ni kuukuu, upande mmoja una hasira kuliko mwingine, na asubuhi hiyo likaunguza trei nzima. Moshi umejaa, watu wanakohoa, Bosi anafoka. Nikatoka na brashi yangu mkononi, nikauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia saa:

"Lilifunguliwa kwa mkono gani?"

"Kwa nini?" akauliza Fundi Tanuri, mzee anayetuchochelea moto.

"Nauliza tu." Nikarudi zangu kwenye sinki.

Hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya, naapa. Iliyobaki waliifanya wenyewe. Mchana msichana wa kufungasha mikate alikuja kuninong'oneza kwamba bibi yake naye alikuwa akikataza kushoto kwenye moto. Kesho yake Fundi Tanuri akasema jambo hilo analijua tangu ujana wake, ila hakutaka kuvunja urafiki. Dereva wa gari la mikate akatusimulia habari za kiwanda kizima kilichofungwa kwa sababu hiyo hiyo. Mikate iliyoungua ikaanza kuonekana kila siku. Iliyoiva vizuri hakuna aliyeitazama. Haukupita muda, neno nililolitunga nikiwa na povu mpaka viwikoni likawa limezeeka kuliko sisi sote.

Asubuhi moja nikaikuta aproni ya wifi imening'inizwa pembeni ya yangu. Lo! Roho yangu ilisuuzika. Nilimsogezea brashi, ile iliyovunjika mpini.

"Karibu, wifi," nikamwambia. "Usiwachukie. Ndivyo ilivyo."

Kisha nikajifuta mikono, nikaenda kwa Bosi kudai meza yangu.

"Meza?" Bosi alinitazama kwa huruma ya kweli. "Dada yangu, wewe si mjane?"

Meza akapewa msichana wa kufungasha, ambaye hajui hata hamira iliyokufa inanukaje. Nilirudi kwenye sinki na hasira zangu, nikamkuta wifi analia, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya aproni. Wala hakuwa na kinyongo na mtu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kisasi gani hiki, mtu hajui hata nani kampiga? Nikamwinamia sikioni.

"Nilitunga mimi. Ile habari ya kushoto. Niliitunga hapa hapa, ili utoke mezani pangu. Umesikia?"

Nilisubiri kofi. Nililitamani, kusema kweli. Wifi akafuta kamasi kwa mkono wa kulia, vibaya, kama mtoto.

"Usijisumbue kunifariji, wifi," akasema. "Hukutunga. Mimi mwenyewe siku ile niliuhisi mzito. Na marehemu mama, nikikumbuka vizuri, alikuwa akinipiga nikishika upawa nao."

"Mama yako si naye alikuwa mashoto!"

"Ndiyo maana alijua."

Nikapandwa na wazimu. Nilitoka nikasimama mbele ya tanuri, nikawaambia wote kwa sauti kwamba nimewadanganya, kwamba mkono wa kushoto hauna kosa lolote, bovu ni tanuri lao, na kama wana akili walitengeneze. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Fundi Tanuri akanishika bega.

"Ni uchungu wa kufiwa," akawaambia wenzake. "Mleteeni maji."

Nikaletewa maji. Nikayanywa.

Siku chache baadaye nilimaliza trei zangu nikaenda kumchukua binti yangu. Alikuwa kwenye kigoda chake kando ya meza. Shangazi yake, ambaye alishamaliza zake, alikuwa amechuchumaa pembeni anamsemesha polepole, kwa mapenzi ambayo hata mimi siwezi kuyatia doa. Kwenye unga kulikuwa na kitu cha mistari iliyokatikakatika, chenye miguu mitatu.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Kuku," akasema. "Shangazi ananifundisha kuchora vizuri, ili nikikua nipewe meza."

Mkono wake wa kushoto alikuwa ameukalia. Nikamwambia autoe. Alimtazama kwanza shangazi yake, kisha akatikisa kichwa.

Niliuvuta kwa nguvu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akaanza kulia, na nilipomwachia tu, akaukalia tena.